Picha Isirudie Maneno: Historia ya Hadithi katika Video za Muziki

Video ya muziki ni kongwe kuliko televisheni. Mwaka 1894, jijini New York, wachuuzi wawili, Edward Marks aliyeuza vifungo na Joseph Stern aliyeuza tai, walitunga wimbo kuhusu askari polisi aliyemwokota mtoto aliyepotea, kumbe mtoto huyo ni wa kumzaa mwenyewe. George Thomas, fundi umeme wa ukumbi wa maonyesho, akaja na wazo jipya: waigizaji wapigwe picha wakiigiza kisa hicho kipande kwa kipande, picha zihamishiwe kwenye vioo, kisha zimulikwe juu ya kitambaa cheupe huku mwimbaji akiimba jukwaani. Wimbo ulitia fora. Karatasi zake za noti zinatajwa kuuzwa nakala zaidi ya milioni mbili, na kwa miaka mingi baadaye nyimbo za kumulikiwa picha zikawa sehemu ya kawaida ya burudani mijini Marekani.

Hapo ndipo lilipozaliwa swali ambalo dairekta wa Nairobi au Dar es Salaam bado analikuta mezani kila anapoletewa wimbo mpya: maneno yakishasema, picha iseme nini? Thomas alijibu kwa njia ya mkato. Picha irudie maneno. Akiimbwa askari, aonekane askari. Akiimbwa mtoto, aonekane mtoto. Jibu hilo lilikuwa jepesi na lilifanya kazi, ndiyo maana halijafa hadi leo. Lakini ukizifuatilia video zilizobaki vichwani mwa watu, utakuta karibu zote zilitengenezwa na waliolikataa. Sanaa hii imekua kila mara pale mtu alipoiachia picha ibebe hadithi ambayo wimbo wenyewe haukuibeba.

Kabati la senti kumi

Mwaka 1940 kampuni ya Mills Novelty ya Chicago iliingiza sokoni mashine iliyoitwa Panoram. Lilikuwa kabati kubwa la mbao lenye kioo mbele, na ndani yake mlikuwa na projekta ya filamu ya milimita 16. Mteja wa baa au hoteli alitumbukiza senti 10, akaangalia wimbo mmoja wa dakika kama tatu. Hakuwa na hiari ya kuchagua. Nyimbo nane zilikuwa zimeunganishwa katika mkanda mmoja, na aliyetaka wimbo wa tano ilibidi alipie au asubiri wengine walipie zilizotangulia. Kwa kuwa nafasi ndani ya kabati ilikuwa finyu, mwanga ulirushwa kutoka kioo hadi kioo kabla ya kufika mbele, na hivyo filamu zilichapwa kinyume, kushoto kuwa kulia, ili mtazamaji azione sawasawa.

Filamu hizo, maarufu kwa jina la Soundies, zilizidi 1,800 kabla biashara haijafa mwaka 1947. Humo ndimo tunamoweza kuwaona leo Duke Ellington, Fats Waller na Louis Armstrong wakiwa katika ubora wao, katika enzi ambayo studio kubwa za Hollywood ziliwapa wanamuziki weusi nafasi finyu mno. Kwa kumbukumbu hiyo peke yake, kabati lile linastahili heshima. Kwa upande wa usimulizi, hata hivyo, halikusogea mbali na vioo vya 1894. Bendi inapiga, mwimbaji anatabasamu, na wimbo ukitaja jambo, mwigizaji anaingia kulionyesha. Wafaransa walipoleta mashine yao ya Scopitone mwaka 1960 waliongeza rangi na uhuru wa kuchagua wimbo. Hadithi ilibaki vilevile.

Kichochoro, mti na nyuso nne

Mabadiliko ya kwanza makubwa yalitokea London mwaka 1965, katika kichochoro nyuma ya hoteli ya Savoy. Bob Dylan alisimama kulia mwa picha akiwa na bunda la kadi zilizoandikwa maneno ya wimbo wake Subterranean Homesick Blues. Mtengeneza filamu D. A. Pennebaker aliiwasha kamera na kuiacha palepale. Dylan haimbi wala hachezi. Anaonyesha kadi, anaiangusha, anaonyesha nyingine. Pembeni mshairi Allen Ginsberg anazungumza na mtu kana kwamba hakuna filamu yoyote inayopigwa.

Ukiitazama kwa haraka utasema hapa maneno yamerudiwa kuliko mahali pengine popote, maana yameandikwa kabisa. Itazame tena. Kadi zina makosa ya makusudi, nyingine zina kitu ambacho hakikuimbwa, na wimbo unakimbia kiasi kwamba mkono hauufikii. Sikio linasikia jambo moja, jicho linasoma jingine, na mtazamaji analazimika kufanya kazi ya kuyapatanisha. Kipande hicho ndicho kilichofungua filamu ya Dont Look Back mwaka 1967, na kimeigwa mara nyingi mno tangu hapo.

Mapema mwaka huohuo wa 1967, The Beatles walikwenda Knole Park, katika jimbo la Kent. Walikuwa wameshaanza kupeleka filamu kwenye vituo vya televisheni badala ya kwenda wao wenyewe, kwa kuwa hawakuweza kuwa kila mahali. Kwa ajili ya Strawberry Fields Forever walimtumia dairekta kutoka Sweden, Peter Goldmann, naye akaondoa kabisa desturi ya msanii kujifanya anaimba mbele ya kamera. Hakuna midomo inayofuatisha sauti, hakuna gitaa linalopigwa. Kuna piano iliyosimamishwa chini ya mti mkubwa, nyuzi zake zimevutwa hadi kwenye matawi. Kuna mtu anayeruka kinyumenyume kurudi juu ya mti kwa sababu filamu imechezeshwa kwa kurudi nyuma. Kuna rangi inayomwagwa juu ya piano gizani. Hadithi yenye mwanzo na mwisho haimo. Kilichomo ni hali ya ndoto, na hali hiyo imejengwa kwa picha peke yake.

Halafu wakaja Queen. Novemba 1975 wimbo wao Bohemian Rhapsody, wenye urefu wa karibu dakika sita, ulikuwa unapanda chati, nao walikuwa wanajiandaa kwa ziara. Kipindi cha Top of the Pops cha BBC kilihitaji kitu cha kurusha. Tena wimbo ule ulikuwa na sehemu ya kati ya kwaya iliyorundikwa sauti juu ya sauti studioni, ambayo watu wanne wasingeweza kusimama jukwaani na kujifanya wanaiimba bila kuonekana viroja. Tarehe 10 Novemba, katika studio za Elstree, dairekta Bruce Gowers alirekodi kila kitu kwa takriban saa nne.

Ufumbuzi wake unafaa kufundishwa darasani. Alianza na picha iliyokuwepo tayari, ile ya jalada la albamu ya Queen II iliyopigwa na Mick Rock: nyuso nne gizani, mwanga ukitoka juu. Sauti zinapoanza kurundikana, nyuso nazo zinarundikana. Gowers aliweka lenzi yenye pembe nyingi mbele ya kamera ili uso mmoja ugawanyike kuwa kadhaa, na mahali pengine akaielekeza kamera kwenye runinga iliyokuwa ikionyesha picha ya kamera hiyohiyo, uso ukawa unajizaa na kurudi nyuma bila kikomo. Hakuna aliyejaribu kuigiza kisa cha kijana anayeungama mauaji. Picha ilisimulia jinsi wimbo ulivyojengwa. Bohemian Rhapsody ilikaa nambari moja Uingereza kwa wiki tisa, na kampuni za rekodi zikaelewa kwamba filamu ya wimbo si kiraka cha kuziba pengo la msanii asiyefika studioni.

Dakika kumi na nne

Tarehe 1 Agosti 1981, muda mfupi baada ya saa sita usiku, kituo cha MTV kilianza kurusha matangazo Marekani. Ghafla palikuwa na saa 24 za kujaza kila siku, na video hazikuwa nyingi. Nyingi zilizokuwepo zilitoka Uingereza, na karibu zote zilikuwa za wazungu. Mapema mwaka 1983 David Bowie, akihojiwa na kituo hichohicho, aliuliza waziwazi kwa nini wasanii weusi hawaonekani. Hakupata jibu la kuridhisha. Jibu lilikuja kwa vitendo majuma machache baadaye, video ya Billie Jean ya Michael Jackson ilipoingia hewani.

Steve Barron, dairekta kijana wa Uingereza, ndiye aliyeitengeneza. Wimbo unahusu mwanamke anayedai kwamba mwanamume fulani ni baba wa mtoto wake. Barron hakumwonyesha mtoto. Badala yake aliweka mpelelezi mwenye kamera anayemnyemelea Jackson mtaani na kushindwa kumnasa, kwa sababu kila apitapo kijana huyo mawe ya njia yanawaka chini ya miguu yake, na kila picha ikipigwa yeye hayumo. Mwishoni polisi wanamkamata mpelelezi. Kisa hicho cha kuandamwa hakimo katika beti hata moja, lakini kila aliyewahi kusingiziwa alielewa video inasema nini.

Miezi kadhaa baadaye Jackson alitaka kwenda mbali zaidi. Alikuwa ameitazama filamu ya An American Werewolf in London ya John Landis, akamwita Landis na fundi wa sura za bandia Rick Baker, akawaambia anataka kugeuka zimwi. Kampuni ya rekodi haikuwa tayari kugharamia video nyingine ya albamu ambayo tayari imeuza sana. Fedha zikapatikana kwa njia isiyo ya kawaida: ikatengenezwa pia filamu ya kuonyesha jinsi video inavyotengenezwa, haki za kuirusha zikauzwa kwa vituo vya televisheni, kisha ikauzwa madukani kwa mikanda ya VHS. Thriller ilirushwa mara ya kwanza na MTV tarehe 2 Desemba 1983, ikiwa na urefu wa karibu dakika 14. Wimbo wenyewe haufiki nusu ya muda huo.

Inafaa kukaa hapa kidogo, kwa sababu wengi wanakumbuka ngoma ya wafu na kusahau ufundi uliowafikisha kwenye ngoma hiyo. Video inaanza bila wimbo. Kijana na binti wako kwenye gari la miaka ya 1950, petroli imeisha, mwezi umetoka, kijana anaota kucha na masharubu ya paka. Tukishatishika, kamera inatuonyesha kwamba tulichokiona ni filamu, na kwamba Jackson na binti huyohuyo, Ola Ray, wameketi ukumbini wakiitazama. Binti haipendi, anatoka. Kijana anamfuata, na ni hapo tu, nje mtaani, ndipo uimbaji unapoanza.

Angalia sasa Landis anavyoushughulikia wimbo. Kwenye santuri kiitikio kinakuja baada ya kila ubeti, kama ilivyo kawaida. Kwenye video kimeondolewa. Jackson anaimba beti zikifuatana, anamzungukazunguka binti, anamtania, na sikio la mtazamaji linakingoja kiitikio kisichokuja. Kwanza inaingia sauti nzito ya msimulizi Vincent Price, makaburi yanapasuka, wafu wanawazingira wawili hao, muziki unakatika. Binti anageuka kumtazama mwenzake na kukuta naye ni mfu. Ngoma iliyopangwa na Michael Peters inaanza, na katikati yake uso wa Jackson unarudi kuwa wa binadamu ili, hatimaye, kiitikio kiimbwe. Dairekta alidiriki kukiweka rehani kipande cha wimbo kilichopendwa kuliko vyote mpaka hadithi ilipokistahili. Hata lile koti jekundu lililobuniwa na Deborah Nadoolman Landis lina kazi yake: wafu wote wamevaa rangi zilizochakaa, kwa hiyo jicho halimpotezi kiongozi wao hata sekunde moja.

Mwaka 2009 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza Thriller katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa kwa ajili ya taifa. Ilikuwa video ya kwanza ya muziki kupata hadhi hiyo.

Barron naye hakukaa kimya. Mwaka 1985 alipewa wimbo wa kundi la Norway, a-ha, uitwao Take On Me, ambao ulikuwa umeshatolewa na video ya kawaida ukaangukia pua. Safari hii msichana aliyeketi mgahawani anasoma kitabu cha katuni, mkono wa penseli unatokeza ukurasani na kumvuta ndani. Mchoraji Michael Patterson alichora juu ya picha zilizopigwa, fremu kwa fremu, takriban michoro 3,000 kwa muda wa majuma 16. Maneno ya wimbo ni ya kijana anayeomba nafasi ya kupendwa. Kuhusu katuni hayasemi lolote. Wimbo uliokuwa umekataliwa, baada ya kurekodiwa upya na kupewa video hii, ukafika nambari moja Marekani.  Kilichoongezwa kwenye picha ni hadithi.

Makmende anarudi

Afrika Mashariki ilizipokea kazi hizi kwa njia zake. Kenya na Uganda zilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1960, Zanzibar ilikuwa na ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilikaa bila kituo hata kimoja mpaka mwaka 1994. Thriller iliwafikia vijana wengi wa Dar es Salaam, Arusha na Mwanza kwa mikanda ya VHS, ikitazamwa sebuleni kwa mwenye deki au kwenye mabanda ya video kwa kiingilio, ikirudishwa nyuma mara kwa mara ili hatua za miguu zikaririwe. Kizazi kilichojifunza hivyo ndicho kilichokuja kuujenga muziki wa kizazi kipya, na vituo binafsi vya televisheni vilipofunguliwa, kikataka vichupa vyake, yaani video zake za nyimbo.

Vichupa vya mwanzo vilitengenezwa kwa jasho. Kamera zilikuwa za kukodi, siku ya kushuti ilikuwa moja, na lokesheni ilikuwa ufukwe, gari la kuazima au sebule ya rafiki. Adam Juma na Visual Lab yake Dar es Salaam, na Ogopa jijini Nairobi, walifanya kazi ya kuinua kiwango cha picha kwa miaka mingi, na hawajashukuriwa vya kutosha. Kuzaliwa kwa Channel O na baadaye, mwaka 2005, MTV Base kwa ajili ya Afrika, kuliongeza shinikizo: video isiyo safi haikurushwa.

Ndipo Machi 2010, kundi la Just A Band la Nairobi likatoa video ya wimbo Ha-He. Kundi hilo lilikuwa la vijana waliojifunza kufanya kila kitu wenyewe, kuanzia midundo hadi picha, na Jim Chuchu na Mbithi Masya walikuwa miongoni mwao. Wimbo ni wa kucheza, maneno yake ni machache. Wangeweza kupiga picha ya watu wakicheza, wakamaliza. Badala yake walitengeneza filamu ya mapambano ya mtindo wa miaka ya 1970, na ndani yake wakamweka shujaa mwenye nywele za afro na kitambaa kichwani, asiyecheka, anayewachakaza wahuni mmoja mmoja: Makmende. Jina hilo watoto wa mitaa ya Nairobi walikuwa wakilitumia tangu zamani kumkejeli yeyote anayejitia ubabe. Lilikuwa limesahaulika midomoni, likabaki kumbukumbuni.

Yaliyofuata Kenya haikuwahi kuyaona. Watu walichukua sura ya Makmende wakaiweka kwenye majalada ya magazeti ya kughushi, wakamchapia noti ya shilingi 10,000, wakatunga masimulizi ya nguvu zake na kuyasambaza Twitter na Facebook kwa siku nyingi. CNN na Wall Street Journal ziliandika habari zake. Wengi waliomjua Makmende hawakuweza kukuimbia wimbo alimotoka.

Kuna wanaosema huo ni upungufu, kwamba video ikiumeza wimbo imekosea. Sikubaliani nao. Bila midundo ile Makmende angekuwa mtu anayetembea barabarani. Ngoma inampa mwendo, kila ngumi inatua juu ya mpigo, na ukimya wake una uzito kwa sababu muziki unasema badala yake. Picha ilikwenda kutafuta hadithi katika utoto wa watazamaji wenyewe, mahali ambapo wimbo haukufika. Mbithi Masya baadaye aliongoza filamu ya Kati Kati, iliyopata tuzo ya wahakiki wa kimataifa, FIPRESCI, katika tamasha la Toronto mwaka 2016. Aliyejifunza kusimulia kwa dakika chache za wimbo aliweza kusimulia kwa saa zima na zaidi.

Mbele wanacheza

Kazi iliyolijibu swali la 1894 kwa ukali zaidi katika miaka ya karibuni ilitoka tarehe 5 Mei 2018. Ni This Is America ya Childish Gambino, iliyoongozwa na Hiro Murai. Ghala tupu, kuta za zege, mtu kifua wazi anacheza. Nyuma yake wanafunzi waliovaa sare wanaungana naye, miguu myepesi, nyuso zinatabasamu. Ngoma hizo zilipangwa na Sherrie Silver, mzaliwa wa Rwanda aliyekulia Uingereza, akachanganya mitindo ya Afrika, ukiwemo gwara gwara wa Afrika Kusini.

Silver na Murai walitaka utazame ngoma, na utaitazama, kwa sababu inavutia kweli. Wakati huohuo nyuma ya wachezaji watu wanakimbia, magari yanaungua, farasi mweupe anapita na mpanda farasi wake. Kamera haigeuki kuyafuata hayo. Inaendelea na wacheza ngoma, kwa mikato michache sana, na mtazamaji anagundua mara ya pili au ya tatu kwamba alikuwa akiburudika huku watu wakifa mgongoni mwa burudani. Kisha angalia silaha. Kila bunduki inapotumika, mtoto anakuja na kitambaa chekundu, anaipokea na kuiondoa kwa uangalifu mkubwa. Mwili wa aliyeuawa unaburutwa kama gunia. Hakuna ubeti unaoeleza kwamba bunduki inatunzwa kuliko mtu. Kitambaa kimeeleza. Video hiyo ilipata tuzo ya Grammy mwaka 2019, na upangaji wa ngoma wa Silver ulikuwa umeshatuzwa na MTV mwaka uliotangulia.

Ukumbi wa taarabu

Sasa turudi nyumbani, maana tuna jambo la kuliangalia. Kuanzia 2013 hivi, kiwango cha picha katika vichupa vya Tanzania kilipaa. Wasanii kama Diamond Platnumz na Alikiba walikwenda kushuti nje ya nchi, hasa Afrika Kusini, na madairekta wa nje walipoonyesha njia, vijana wa hapa kama Hanscana na Kenny wakaishika na kuthibitisha kwamba picha ya hadhi hiyo inaweza kupatikana Dar es Salaam. Mwanga ni mzuri, rangi zimekaa sawa, droni inapaa juu ya bahari. Haya ni mafanikio ya kweli na ninayasherehekea.

Lakini kaa na vichupa 20 vya karibuni, vizime sauti, uvitazame. Jumba kubwa, gari la kifahari, mrembo, ngoma ya pamoja, mavazi yanabadilika, jumba tena. Na pale penye kisa, kisa ni kilekile kilichoimbwa. Akiimba amepigiwa simu, anaonyesha simu. Akiimba ameachwa, begi linavutwa mlangoni. Kwa usimulizi, tumerudi kwa George Thomas na vioo vyake, tofauti ni ubora wa kamera.

Hili linaniuma kwa sababu sisi ndio watu wa mwisho tuliopaswa kukwama hapo. Utungaji wa Kiswahili umejengwa juu ya fumbo. Tangu Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na kabla yake, mwimbaji wa taarabu ameimba ua akimaanisha mtu, ameimba chombo akimaanisha ndoa. Na fumbo hilo lilikuwa na picha yake, ila haikuwa kwenye filamu. Ilikuwa ukumbini. Ubeti fulani unafika, mwanamke anainuka mahali alipoketi, anajitanda vizuri, anapita katikati ya watu polepole, noti imeinuliwa juu ya kichwa, anafika kwa mwimbaji na kumtunza, na anaporudi anapita karibu na meza moja, si nyingine. Mwimbaji hakutaja jina la mtu. Noti na njia aliyoipita vimetaja. Ukumbi mzima umeelewa ni nani anasemwa, amefanya nini, na nani amemjibu.

Hiyo ni sanaa ya kusimulia kwa macho, kamili, na ni yetu. Ina mhusika, ina mgogoro, ina mwendo uliopangwa juu ya mpigo wa muziki, na ina siri kati ya kinachoimbwa na kinachoonekana. Murai aliweka farasi mweupe nyuma ya wacheza ngoma. Bibi zetu walipita karibu na meza. Dairekta anayemwonyesha mrembo akilia pale wimbo unapotaja machozi amelifumbua fumbo kabla msikilizaji hajapata nafasi ya kulitafuna, na wimbo uliotungwa kwa akili unatoka ukiwa mwepesi kuliko ulivyoingia.

Tiba yake inajulikana, na sehemu kubwa haihitaji fedha za ziada. Bohemian Rhapsody ilirekodiwa kwa saa nne. Dylan alitumia kadi na kichochoro. Ha-He ilitengenezwa na bendi yenyewe. Kinachohitajika ni siku chache za kukaa na wimbo kabla ya kutafuta lokesheni, na mtu anayelipwa kuandika kisa, kama anavyolipwa anayekodisha gari la kifahari. Vilevile jina la dairekta na la mwandishi wa kisa liandikwe na litajwe redioni na kwenye televisheni. MTV ilipoanza kuandika majina ya madairekta kwenye video mwishoni mwa 1992, watazamaji walianza kufuatilia kazi za Spike Jonze, Michel Gondry na Hype Williams kama wanavyofuatilia waimbaji, na kila mmoja wao akaona ana jina la kulinda.

Msanii akileta wimbo, dairekta asianze kwa kuorodhesha yaliyoimbwa ili ayatafutie picha. Amuulize mwimbaji ni nini ambacho hakukisema, alimwimbia nani, na yule aliyeimbiwa angejibu nini kama angepewa nafasi. Majibu hayo ndiyo ya kupigiwa picha. Waimbaji wetu wamekuwa wakiacha nafasi hiyo wazi ndani ya nyimbo zao kwa zaidi ya miaka 100, na wakati umefika kwa kamera kuingia humo.